Springi Mbili kutoka Kisumu

Mwaka 1956, mavuno ya ulezi yakielekea kuisha, Machage Nyamhanga alishuka Sirari kutoka kwenye basi la Kisumu akiwa na gunia zito. Ndani yake mlikuwa na shokapu mbili ndefu na springi mbili za koili, vyote vipya, bado vimepakwa grisi ya kiwandani. Siku hiyo basi liliishia hapo mpakani. Angeweza kulala Sirari kwa jamaa akangoja lori la asubuhi, lakini hakuwa na subira. Alikata mti mnyoofu, akafunga springi upande mmoja na shokapu upande wa pili, akaweka begani, akashika njia kwa miguu hadi kwao Nyarero.

Mkewe, Agustina, alimwona akipandisha kilima jua likiwa bado juu kidogo. Alimkimbilia, akampokea mzigo, kisha akaona shati lililoganda damu begani.

“Sasa hapa ulikuwa unakimbilia nini?” akamuuliza. “Gari lenyewe limelala hapa wiki tatu. Lingelala siku moja zaidi, lingekufa?”

Machage alicheka tu. “Mama anangoja,” akasema.

Gari hilo walikuwa nalo mwaka wa tatu. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, rangi ya maziwa, walilolinunua kwa mzungu mmoja wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao. Machage alitoa ng'ombe wanane aliowakusanya tangu atoke jeshini, ambako alikuwa dereva na fundi wa malori hadi vita vya Burma vilipoisha. Kaka yake mkubwa, Filemoni, karani wa baraza, alitoa sita. Mama yao, Nyangi, alitoa wawili wa nyumba yake. Wakasema hili ni gari la familia: litapeleka wagonjwa hospitalini, litachukua maharusi, litamfikisha mama popote anapotaka. Karatasi za gari alizijaza Filemoni, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma misheni. Machage alijua tarakimu na herufi kubwa za kwenye vipuri, basi. Kaka yake alipomuuliza aandike majina ya nani, alijibu akiwa chini ya gari, “Andika unavyoona, kaka. Mimi nipe spana namba kumi na nne.”

Na kweli lilisaidia watu. Lakini barabara za kwetu zina mawe, na gari lile halikuumbwa kwa mawe. Mwaka wa pili lilianza kuinamia mbele. Ukikanyaga breki linachovya pua, ukipita shimo linapiga chini kishindo cha chuma kwa chuma, kisha linaendelea kuyumbayumba kama mtumbwi. Kwa kijana si neno. Kwa Nyangi ilikuwa mateso, maana nyonga yake ilivunjika alipopigwa teke na ng'ombe wakati wa kukamua, na haikuunga vizuri. Siku moja Machage alimpeleka mnadani Tarime, maili chache tu, na mama alishuka akilia kimyakimya huku amejifunika kanga usoni ili watu wasimwone.

Tangu siku hiyo Machage hakumbeba tena. Alimwambia, “Mama, nitalitengeneza hili gari mpaka ukae ndani yake kama umekaa kitandani. Halafu nitakupeleka Issenye kwa Veronika.”

Veronika alikuwa binti pekee wa Nyangi. Aliolewa na Athanas, bwana mifugo aliyekuja kufanya kazi Tarime kisha akarudi kwao Issenye, ng'ambo ya Mto Mara, safari ya siku nzima. Alikuwa amezaa pacha, na pacha wenyewe walikuwa wameshaanza kuchunga ndama, na bibi yao hajawahi kuwaona.

Machage alikuwa na kibanda chake cha ufundi Nkende, na malori ya ngozi na kahawa yote yalipita mikononi mwake. Lakini malori yana springi za bapa, zile za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Gari hili mbele yake lilikuwa tofauti. Shokapu ilisimama wima kama nguzo, springi ya koili ikaizunguka, na nguzo ile ndiyo iliyobeba gari zima. Hakuwahi kufungua kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo alipokwenda Kisumu hakununua tu akarudi. Alikaa siku tisa katika gereji ya Mhindi mmoja, akifanya kazi bila ujira ili aonyeshwe jinsi springi ile inavyobanwa na kuachiwa bila kumuua mtu. Aliporudi alikuwa anajua.

Jioni ile ya kufika alikwenda kwanza nyumbani kwa mama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mura, mwanangu. Umezipata?”

“Nimezipata. Zote nne.”

“Na kazi yake ni ya siku ngapi?”

“Siku tatu. Tuseme nne. Jumapili tunasali, Jumatatu alfajiri tunaondoka. Filemoni ameshamwandikia Veronika barua, si ndiyo?”

“Ameandika,” mama akasema. Alimtazama bega, akanyoosha mkono akagusa pale palipochubuka. “Umeumia.”

“Si kitu.”

Mama akainama, akaanza kupepeta ulezi ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Kazi ilianza Jumatano. Machage aliliegesha gari uani penye ardhi ngumu, karibu na boma la ng'ombe, akalinyanyua kwa jeki, akaweka magogo ya mti mgumu chini ya bodi, kwa sababu hakuwa mtu wa kuamini jeki peke yake. Agustina ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Walikuwa wameoana miaka tisa, hawakuwa na mtoto, na katika miaka hiyo alijifunza majina ya spana zote na jinsi ya kushika taa ya karabai bila kumpofusha mtu aliye chini ya gari.

Walitoa magurudumu. Machage alifungua kishikio cha bomba la breki, akaligongagonga ungio la stelingi mpaka likaachia, kisha akafungua boneti na kulegeza nati tatu za juu, zile zinazoshikilia kichwa cha shokapu. Nguzo ya kushoto ilishuka ikiwa imelowa mafuta na kugandwa na matope ya miaka. Aliiweka juu ya gunia, akaifuta, akaikagua. Shokapu ilikuwa imekufa. Ukiisukuma inazama yenyewe, haina nguvu hata ya kurudi. Springi alipoigeuza aliona kitu kilichomfanya akae chini. Mzunguko wa mwisho, ule wa ndani ya kikombe ambako jicho halifiki, ulikuwa umekatika. Kipande kilikuwa kimelala tu pale, kikishikiliwa na uchafu.

“Agustina, njoo uone.”

Agustina alitazama. “Kwa hiyo tulikuwa tunatembelea hii?”

“Hii. Ingeruka siku moja kwenye mteremko, gurudumu lingelala, na tusingekuwa tunazungumza.” Alipiga ishara ya msalaba kifuani, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara.

Kubana springi mpya kulichukua siku ya pili nzima. Alikuwa amechonga vibanio viwili kwa bolti ndefu za lori na vipande vya chuma, kama alivyoona Kisumu. Unakaza huku kidogo, unakaza kule kidogo, na springi inajikunja polepole, na kadiri inavyojikunja ndivyo inavyozidi kuwa kitu cha kuogopwa. Alimwambia Agustina asimame nyuma ya gari. Ya kwanza ilikaa vizuri. Ya pili, kibanio kimoja kiliteleza. Springi ilipiga kelele moja fupi, ikamgonga mkono wa kushoto, ikaenda kutoboa ukuta wa udongo wa jiko. Kidole cha pili kutoka mwisho kilivunjika, na ukucha ukang'oka. Agustina alikifunga kwa kijiti na kitambaa, akimlaumu na kumwombea kwa pumzi moja. Machage alikunywa maziwa ya mgando, akapumzika kidogo, akarudi kazini.

Filemoni alikuja mara mbili wiki hiyo. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kofia na baiskeli isiyo na vumbi. Hakuwa na desturi ya kutazama ufundi, lakini safari hii alichuchumaa kando ya gari, akauliza hiki ni nini, na kile ni nini.

“Jumapili litakuwa tayari kabisa?” akauliza.

“Jumapili mchana unaweza kuliendesha mpaka Musoma.”

“Na tairi?”

“Tairi bado nzima, kaka. Nimezihamisha, za nyuma mbele.”

“Umefanya vizuri sana.” Filemoni alimgusa bega, lile lile bovu, na Machage akavumilia maumivu kwa furaha. Katika maisha yao kaka yake hakumsifu mara nyingi. Alimwambia Agustina usiku huo wakila, “Umeona? Hata Filemoni ameanza kulijali gari.”

Jumamosi jioni alimaliza kukaza nati ya mwisho. Alishusha gari kutoka kwenye magogo, nalo likasimama sawa, pua juu, kama siku waliyolinunua. Aliliendesha peke yake hadi barabara kuu na kurudi, akitafuta mashimo makusudi. Kisha akamwita mama.

Nyangi alitoka akiegemea fimbo. Machage alimbeba, akamketisha mbele, akamwekea blanketi iliyokunjwa chini ya nyonga. Wakaenda taratibu hadi kwenye kijito, mahali penye mawe mabaya kuliko yote.

“Hapa unasikiaje, mama?”

“Nasikia kidogo.”

“Wapi? Kulia au kushoto?”

“Kulia. Kidogo tu.”

Alisimamisha gari, akashuka, akapunguza upepo wa tairi ya kulia, akarudi, akapita palepale tena. “Na sasa?”

“Sasa sisikii kitu,” mama akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. Machage alidhani ni ya furaha. Alimwambia habari za safari yote: watakavyovuka Mto Mara kwa pantoni, watakavyopumzika njiani anyooshe mguu, jinsi Veronika atakavyopiga vigelegele akiliona gari. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Nirudishe nyumbani, nimechoka.”

Jumapili, baada ya misa, Filemoni alikuja Nyarero na mgeni. Alikuwa mwanamume mnene wa makamo, aliyevaa koti, na alijitambulisha kwa jina la Stanslaus, mwenye duka la nguo Sirari. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa mpakani. Alilizunguka gari, akakandamiza bampa ya mbele kwa mikono yote miwili, likashuka na kurudi mara moja, likatulia.

“Hii sasa iko sawa,” akasema. “Wakati ule niliiona ilikuwa imelala mbele kabisa. Fundi amefanya kazi.” Akamgeukia Filemoni. “Mlisema mwisho wa mwezi, na mmeshika neno lenu. Nipe funguo basi, niwahi mvua.”

Machage alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Alidhani hakusikia vizuri. “Funguo za nini?”

Stanslaus alimtazama, akamtazama Filemoni. “Huyu si ndugu yako? Hajui?”

“Machage,” Filemoni akasema, “twende kando tuzungumze.”

“Tuzungumze hapa.”

Filemoni alivua kofia, akaivaa tena. Akaeleza kwa sauti ya barazani, ile anayoitumia akisoma hukumu za watu wengine. Gari lilikuwa limeuzwa tangu mwezi wa sita. Stanslaus ana kiwanja Nkende mjini, na nyumba ya bati iliyojengwa nusu. Wamebadilishana, gari kwa kiwanja na nyumba, ila Stanslaus alikataa kulichukua gari mpaka litengenezwe mbele. Karatasi ya makubaliano ilikuwa pale mfukoni. Aliitoa. Machage hakuweza kuisoma, lakini aliona saini ya kaka yake, na chini yake alama ya dole gumba kwa wino wa bluu.

“Hili ni dole la nani?”

Filemoni alianza kuikunja karatasi.

“Filemoni, nakuuliza. Dole la nani?”

“La mama. Gari liliandikwa majina yetu wawili, mimi na mama. Wewe ulisema niandike ninavyoona.”

Agustina aliyekuwa mlangoni mwa jiko alishika kichwa kwa mikono miwili. Machage aliangusha kitambaa. Alipita katikati yao, akaingia nyumbani kwa mama.

Nyangi alikuwa ameketi kwenye kigoda, na ilionekana alikuwa anangoja.

“Mama, ulijua?”

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Kabla hujaenda Kisumu.”

Machage alikaa chini kwenye udongo. Nje Stanslaus alikohoa. “Mimi nimetembea kutoka Sirari,” akasema mwishowe, “nikihesabu mawe ya njia ya Issenye kichwani. Jana umekaa ndani ya gari. Nimekuuliza unaumia wapi, na wewe ukanijibu.”

“Usingelitengeneza kama ungejua.”

“Nani alisema?”

“Filemoni alisema. Na mimi nikaona hivyohivyo.” Mama aliinua uso. “Nisikilize. Nimelala ndani ya nyumba hii mvua zote hizi, nahamisha ngozi yangu ya kulalia kutoka pembe hii hadi pembe ile na mguu huu. Kaka yako amesema atanipa chumba mjini, chenye sakafu ya saruji, karibu na zahanati. Nimezeeka, Machage.”

“Ungeniambia, ningekujengea.”

“Na ana watoto wanne wa kiume,” mama akaendelea, kana kwamba hakusikia. “Nyumba itabaki ya wajukuu wangu. Gari lako lingekuja kuwa la nani?”

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Machage alimtazama mama yake, na akajua kwamba hilo lilishazungumzwa katika nyumba hiyo zaidi ya mara moja, na kwamba Agustina huenda aliwahi kulisikia akanyamaza. Aliinuka, akatoka nje.

Agustina alikuwa amesimama kando ya gari, spana mkononi. “Zitoe,” akamwambia. “Ulizibeba wewe. Kidole ni chako. Zitoe wachukue gari lao kama lilivyokuwa.”

Machage alichukua jeki. Aliiweka chini ya gari, akalinyanyua upande wa kushoto, akalegeza nati za gurudumu. Filemoni alianza kupiga kelele. Stanslaus akamzuia kwa mkono.

“Ngoja,” Stanslaus akasema. “Fundi, mimi sikujua. Nilifikiri nyinyi wote ni kitu kimoja. Kama vipuri ni vyako, vitoe. Rudisha vile vya zamani, mimi nitaendesha hivyohivyo hadi kwangu na nitadaiana na ndugu yako.”

Yalikuwa maneno ya haki, na Machage aliyathamini. Alikwenda kwenye ukuta wa jiko, ambako springi za zamani zilikuwa zimeegemezwa. Aliichukua ile ya kushoto. Alirudi nayo hadi kwenye gari, akachuchumaa, akaigeuza. Pale palipokatika palikuwa panang'aa.

Alipitisha kidole juu ya mkato ule. Wote walimtazama.

Ndipo Filemoni akasema, si kwa kejeli, bali kwa sauti ya kumtuliza mgeni wake, “Usiwe na wasiwasi, Stanslaus. Hawezi. Huyu namjua tangu tukiwa watoto. Hawezi kufunga springi mbovu kwenye gari la mtu.”

Machage aliyasikia vizuri. Mambo mengine yote ya siku ile aliweza baadaye kuyaeleza kwa watu: karatasi, dole, hata maneno ya mama. Hilo hakuweza. Kaka yake alikuwa amemjua vizuri kabisa, na akaupanga mpango wote juu ya kumjua huko.

Aliweka springi chini. Alikaza tena nati za gurudumu, moja baada ya nyingine, akivuka kila mara hadi ya upande wa pili, kama inavyotakiwa. Akashusha jeki. Akafungua boneti, akamwita Stanslaus aje karibu.

“Nati hizi tatu, huku na huku. Ukishakwenda maili mia, zikazwe tena. Usimpe mtu yeyote tu, mpe fundi. Na ukisikia mlio upande wa stelingi, simama.”

“Nimesikia, fundi.”

“Njia ya Sirari ina mteremko. Usikimbie.”

Akampa funguo. Gari liliondoka uani likipita juu ya mawe bila kishindo hata kimoja.

Jumatatu alfajiri, siku ile ile ambayo wangesafiri na mama, Machage na Agustina waliondoka Nyarero na sanduku la vifaa, sufuria mbili na blanketi. Mama alisimama mlangoni na fimbo yake. Machage alisema, “Shikamoo, mama,” naye akaitikia, “Marahaba.” Machage akaweka sanduku begani, wakashika njia. Walipata lori la ngozi Tarime, wakavuka pantoni wakiwa wamekaa juu ya mizigo, wakalala njiani kwa katekista mmoja, wakafika Issenye kesho yake.

Veronika alitoka mbio nyumba nzima ikimfuata. Alitazama nyuma yao barabarani. “Mama yuko wapi? Gari limeharibika?”

“Gari halijaharibika,” Machage akasema.

“Filemoni hakuandika kama mnakuja. Mpita njia mmoja wa Nkende ndiye aliyetuambia kwamba fundi anamleta mama yake. Tumetengeneza kitanda.” Alianza kulia kabla hajaambiwa lolote, kwa kuona uso wa kaka yake.

Kwa hiyo hata barua haikuandikwa. Machage aliketi chini ya ukuta, Athanas akamletea maji, na pacha wakaja kumtazama mjomba wao mwenye kidole kilichofungwa kijiti.

Hawakurudi Nyarero. Athanas aliwapa mahali pa kujenga. Issenye hapakuwa na magari ya kutosha kumlisha fundi, lakini baiskeli zilikuwepo, na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na mara mojamoja lori la pamba lililokufa njiani. Miezi ya kwanza Machage alikuwa mtu mgumu kuishi naye. Alikuwa anauliza bei ya kila kitu mara mbili. Mtu akimsifu kazi yake alimtazama kama anayetafuta kilichojificha nyuma ya maneno. Siku moja Agustina alimwambia, “Mimi si Filemoni. Ukinitazama hivyo tena nitaondoka.” Hapo alijaribu kujirekebisha, na kwa kiasi alifaulu.

Mwaka wa pili ilikuja barua. Athanas aliisoma kwa sauti. Filemoni aliandika kwamba mama hawezi tena kuamka, na kwamba anamtaja Machage. Hapakuwa na neno jingine ndani yake.

“Utakwenda?” Veronika akauliza.

“Twende wote,” akasema. “Miaka yote hii hujamwona.”

Walikwenda kwa lori, Machage, Veronika na pacha. Nyumba ya Nkende ilikuwa nzuri, bati tupu na madirisha ya mbao. Mama alikuwa amelala katika chumba chake, amekuwa mdogo kama mtoto. Aliwashika pacha nyuso kwa muda mrefu, akawauliza majina, akayasahau, akauliza tena. Kwa Machage alisema, “Umekuja.”

“Nimekuja, mama.”

“Unakula vizuri huko?”

“Nakula.”

Alitaka kusema kitu kingine. Badala yake akaomba maji. Machage alimnywesha. Alikaa naye siku nne, akimgeuza kitandani, akimwosha mguu, na neno la gari halikusemwa na yeyote kati yao. Siku ya tano mama alifariki asubuhi, Veronika akiwa amemshika mkono.

Baada ya mazishi Filemoni alimsindikiza Machage hadi barabarani kungoja lori. Walisimama kando kando. Nywele za Filemoni zilikuwa zimeanza mvi.

“Ningekuomba, ungekataa,” Filemoni akasema ghafla, akitazama mbele.

“Hukuniomba.”

“Lakini ungekataa.”

“Sijui, kaka. Wala wewe hujui.”

Filemoni alitaka kumshika mkono. Lori lilikuwa limefika. Machage aliwapandisha pacha, akampa Veronika mkono, kisha akapanda mwenyewe, akakaa akitazama upande wa pili hadi walipopita nyumba za mwisho za mji.

Alipofika Issenye, Agustina alikuwa shambani akipalilia mtama. Aliacha jembe, akamwuliza habari za huko.

“Tumemzika,” Machage akasema. Akavua viatu, akachukua jembe la pili, akaanza mstari ulio karibu na wa mkewe, nao wakalima hadi jioni.